Kuhama na Kuhamia: Neno na Asili Yake

(Mazungumzo kwa wanachama wa mwambao wa Nyasa na milima ya Umatengo)



Tumetakiwa tuzungumze juu ya neno moja tu, nalo ni kuhama: maana yake na asili yake. Huenda wengine watauliza, je, chama kina kazi gani na maneno? Si kazi ya walimu wa shule hiyo? Jibu letu ni hili. Mtu afikapo mlangoni, neno hutangulia mbele yake. Akiitwa mgeni, hupewa kiti na maji ya kunywa. Akiitwa mkimbizi, huulizwa ametoka wapi na amekimbia nini. Akiitwa mhamiaji haramu, hupelekwa kituoni. Mtu ni yuleyule, na vumbi la miguuni ni lilelile. Kilichobadilika ni neno. Na sisi tukaao kati ya Ruhuhu na Ruvuma, mbele yetu ziwa na ng'ambo ya ziwa nchi nyingine, twahusika na neno hili kuliko wananchi wengi wa Tanzania.

Basi tuanze na asili. Kuhama ni neno la Kibantu, na lina ndugu zake huku na huku. Majirani zetu wasemao Kinyanja husema kusamuka. Washona wa Zimbabwe husema kutama. Wakikuyu wa Kenya wana thaama. Maneno haya yanafanana kwa sauti na yanafanana zaidi kwa maana: mtu kuacha makao yake na kwenda kukaa pengine. Angalieni vizuri, si kusafiri. Msafiri huacha moto ukiwaka nyumbani kwake, na watu wake humtazamia arudi. Mwenye kuhama huchukua chungu, jembe na mbegu, na moto huuzima.

Liko pia neno jingine, kuhajiri, ambalo Waswahili wa pwani walilipata kutoka Kiarabu. Hilo ni neno la hijra. Mwaka 622 Mtume Muhammad alihama Makka akaenda Madina, na Waislamu wakaanza kuhesabu miaka yao tangu hapo. Lakini kabla ya safari hiyo, mnamo mwaka 615, baadhi ya wafuasi wake walikwisha kuvuka bahari kukimbia mateso, wakapokelewa na mfalme wa Habesha. Maana yake ni kwamba hijra ya kwanza ya Waislamu ilikuja Afrika, na Mwafrika ndiye aliyefungua mlango. Jambo hilo lafaa kukumbukwa.

Sasa tulifungue neno lenyewe. Kiswahili kina hekima yake katika vitenzi, na kitenzi hiki ni mfano mzuri. Kuhama ni kutoka mahali. Kuhamia ni kwenda kukaa mahali fulani. Kuhamisha ni kumwondoa mtu au kitu. Kuhamishwa ni kuondolewa, utake usitake. Kuhamahama ni kuhama mara kwa mara, kama wafanyavyo wafugaji wafuatao malisho. Kutoka hapo twapata mhamaji, mhamiaji, uhamisho na uhamiaji, na jina la Idara ya Uhamiaji ambayo kila mwenye pasipoti anaijua.

Lugha nyingine zina maneno mawili mbalimbali, moja la mtu atokaye nchini na jingine la mtu aingiaye, hata msikilizaji hudhani ni watu wawili. Kwetu shina ni moja. Mtu hawezi kuhama bila kuhamia, na hakuna ahamiaye kwetu ambaye hakuhama kwao. Kila mhamiaji tumwonaye hapa, huko alikotoka yuko mama anayesema, mwanangu amehama. Na kila kijana wetu aliyehama, huko aliko kuna watu wanaomwita mhamiaji. Jambo hili ndilo shabaha ya mazungumzo yetu, nasi tutalirudia kabla ya kumaliza.

Ndugu zangu, zamani kuhama hakukuwa aibu wala kosa. Shamba lilipochoka, watu walihama. Maradhi yalipoingia, watu walihama. Mkuu alipokuwa mkali kupita kiasi, watu walifunga mizigo usiku, na asubuhi mkuu akakuta amebaki na viti na ngoma bila watu wa kuwatawala. Wakati ule hapakuwa na sanduku la kura, na miguu ya watu ndiyo iliyokuwa kura yao. Mkuu mwenye busara alilijua hilo, akaangalia sana maneno yake.

Wilaya zetu hizi zilijengwa na watu waliohama. Wangoni walitoka mbali sana kusini, katika nchi ambayo leo ni Afrika Kusini, wakikimbia vita vya wakati wa Shaka. Chini ya Zwangendaba walivuka Zambezi mwezi wa Novemba 1835, siku jua lilipopatwa. Wakapita magharibi ya ziwa mpaka Ufipa, na huko Zwangendaba akafa mnamo mwaka 1848. Jamii yake ikagawanyika. Sehemu moja, pamoja na Zulu Gama, ikazunguka ikaja upande wa Songea. Huko wakawakuta Wangoni wengine, Wamaseko, waliofika mbele yao kwa njia nyingine. Wakapigana, na Wamaseko wakashindwa wakarudi kusini ya Ruvuma, na mwisho wakapata makao katika nchi ambayo sasa ni Malawi. Kwa hiyo walioingia wakihama waliwahamisha wengine nao waliokuwa wamehamia.

Lakini tazameni yaliyofuata. Wangoni walikuja na lugha yao ya kusini. Leo Kingoni cha Songea ni lugha ya wenyeji waliokutwa hapa, na maneno ya kusini yaliyosalia ni machache. Watoto walilelewa na mama wa nchi hii, wakasema lugha ya mama zao. Mgeni aliyekuja na mkuki alishindwa na maziwa ya mama. Huyo basi si mgeni tena.

Na Wamatengo je? Mashambulio ya Wangoni yaliwafanya wajikusanye milimani, upande wa Litembo, mahali penye miteremko mikali na ardhi ndogo. Watu wengi katika ardhi ndogo hawana budi kufikiri. Wakakuza kilimo cha ngoro, yaani mashimo yanayopangwa mteremkoni mfano wa wavu: nyasi hufyekwa zikapangwa miraba, udongo ukafukiwa juu yake, na maji ya mvua yakatulia shimoni badala ya kuuchukua udongo bondeni. Wataalamu wa kilimo wa nchi mbalimbali wamekuja Mbinga kujifunza ngoro. Baadaye, milima ilipojaa, watu wakaanza tena kushuka na kuhamia sehemu zenye nafasi, wakiondoka na mbegu zao, na kahawa nayo ikawafuata. Twaona kwamba kuhama si kuacha kazi. Mara nyingi huko ndiko kuzaliwa kwa kazi mpya.

Sasa twaja kwenye neno nchi, kwa sababu tumeambiwa tuzungumze juu ya kuhamia nchi nyingine. Je, nchi nyingine huanzia wapi? Kwa wavuvi wa ziwa nchi ni pale mtumbwi unapogusa mchanga, nchi kavu. Kwa mkulima wa zamani nchi ilikuwa kilima hiki na mkuu wake, na kilima cha pili kilikuwa nchi nyingine. Nchi kwa maana ya leo, yenye bendera na mpaka, ni maana changa, na kwetu hapa twaweza kuitajia tarehe ya kuzaliwa. Tarehe 30 Desemba 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana kwamba Ruvuma iwe mpaka. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani wakagawana upande wa ziwa. Katika meza zote mbili hakuketi Mnyasa, Mmatengo, Mngoni wala Myao. Mtu aliyelala Liuli tarehe 30 Juni 1890 akaamka siku ya pili, shangazi yake wa ng'ambo amekuwa mtu wa nchi nyingine. Hakuna hata mmoja kati yao aliyehama. Mpaka ndio uliohama ukawapita.

Mstari wenyewe ziwani umeleta maneno mpaka leo. Tangu mwaka 1967 serikali yetu imesema wazi kwamba mpaka na Malawi hupita katikati ya maji, na wenzetu wa Malawi hushikilia kwamba mkataba wa 1890 uliuweka ufukoni. Mwaka 2012 maneno hayo yakawa makali tena, wakaombwa marais wastaafu wa Afrika wasuluhishe, wakiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji. Hatukuja hapa kuamua shauri hilo. Twataka kusema tu kwamba wazungumzaji wakiwa mezani, mvuvi yuko majini, na yule anayekutana naye usiku akivuta nyavu ni mtu anayemwamkia kwa lugha yake.

Hapo ndipo twakuta neno ng'ambo. Wenzetu wa mijini wakisema fulani yuko ng'ambo, maana yao ni Ulaya au Marekani. Asili ya neno ni upande wa pili wa maji: ng'ambo ya mto, ng'ambo ya hori. Unguja mjini uko mtaa mkubwa uitwao Ng'ambo, kwa kuwa ulikuwa upande wa pili wa maji ukitoka Mji Mkongwe. Sisi wa mwambao twalitumia neno kwa maana yake ya asili. Ukisimama Mbamba Bay ukatazama magharibi, ng'ambo yako ni Nkhata Bay. Kisiwa cha Likoma kiko karibu na ufuko wa Msumbiji, nacho ni cha Malawi. Tena huko Likoma ndiko kulikokuwa makao makuu ya misheni ya UMCA tangu miaka ya 1880, na makanisa yao ya mwambao wetu yaliangaliwa kutoka huko mpaka mwaka 1952, ilipoanzishwa dayosisi ya Kusini Magharibi ya Tanganyika. Mzee wa mwambao aliyekwenda ng'ambo kusoma au kusali hakujiona kwamba amehama. Alivuka maji, basi.

Sasa tusikilize maneno ambayo ukoloni uliyaongeza, nayo ni machungu. La kwanza ni manamba. Kodi ya kichwa ilitakiwa kwa fedha, na huku kusini fedha zilikuwa haba. Serikali ya kikoloni iliitazama Songea na jirani zake kama ghala la vibarua. Watu wakaandikwa kwa mkataba, wakapelekwa katika mashamba ya mkonge ya Tanga, Morogoro na Lindi, na kila mmoja akapewa namba. Namba ni neno la Kiingereza lililovaa kanzu ya Kiswahili, na kutoka hapo likazaliwa manamba. Mwafrika aliyekuwa na jina la baba na la ukoo akaitwa hesabu. Kazi yake ikaandikwa kwenye kipande, siku thelathini, siku baada ya siku. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kukusanya vibarua, ambayo watu waliiita SILABU. Bwana Gulliver, mtaalamu aliyeichunguza Songea, alitoa kitabu mwaka 1955 kilichohusu jambo hili hili, Wangoni na Wandendeule kuondoka kwao kwenda kutafuta kazi. Mkonge ule uliitajirisha nchi: mwaka 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000. Tusisahau kwamba katika tani hizo yamo mikono ya watu wa kusini.

Je, manamba alihama? Kwa miguu, ndiyo. Kwa nia, hapana. Mara nyingine walibaki huko huko Tanga wakaoa na kuzaa, na mpaka leo utakuta kandokando ya mashamba ya zamani ya mkonge wazee wenye majina ya kwetu.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini ilikuwa na shirika lake la kuandika watu, ambalo Waafrika wa nchi nyingi waliliita Wenela, na mji wa Johannesburg wakauita Joni. Nyasaland yote ililijua neno Joni. Huko ng'ambo wakawa na neno kwa mtu aliyekwenda Joni au Rhodesia asirudi, wala asilete barua: mchona, wingi machona. Maana yake ni aliyepotelea ugenini. Hebu pimeni uchungu wa neno hilo. Siye marehemu, hana kaburi. Siye hai, hana barua. Mkewe hajui kama ni mke au mjane. Tanganyika ilipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, serikali yake haikukubali tena watu wake waandikwe kwa migodi ya makaburu. Malawi iliendelea, hata tarehe 4 Aprili 1974 ndege iliyowachukua wachimba migodi wa Malawi ikaanguka Francistown, Botswana, na zaidi ya watu 70 wakafa. Ndipo serikali ya huko ikasimamisha kuandikwa kwa watu.

Neno la pili ni kuhamishwa, na mwenzi wake ni walowezi. Kulowea ni neno zuri la zamani, maana yake kukaa ugenini muda mrefu hata pakawa kwako. Ukilisikia unakumbuka nguo iliyolowa maji. Hatusemi ndiyo asili yake. Twasema sikio laweza kusikia hivyo, mtu amekaa mpaka nchi imemwingia. Lakini siasa ililichafua neno. Mwaka 1951 Wameru wa Engare Nanyuki, kiasi cha watu 3,000, waliondolewa katika ardhi yao, nyumba zikachomwa, ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Kirilo Japhet akapelekwa New York mwaka 1952 kusema shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa, na Tanganyika nzima ikasikia. Tangu hapo mlowezi kwa wengi ni mtu ahamiaye kwa kumhamisha mwingine. Tofauti hiyo ni lazima ishikwe. Ahamiaye akaomba shamba, akalima, akazika wafu wake pamoja na wenyeji, amelowea kwa haki. Ahamiaye akiwa na amri mkononi na kiberiti mfukoni, huyo ni mnyang'anyi hata akiwa na hati.

Na ukweli husemwa hata ukiwa wa kwetu. Kati ya mwaka 1973 na 1976 sisi wenyewe, katika nchi huru, tuliwahamisha wananchi kuwatia katika vijiji. Shabaha ilikuwa shule, maji na zahanati. Lakini mahali pengi watu walibebwa kwa malori bila kuulizwa. Tofauti ya kuhama na kuhamishwa ni irabu na silabi chache, na mwananchi aliisikia tofauti hiyo mgongoni.

Neno la tatu ni mkimbizi, na hili limevuka Ruvuma pande zote mbili. Katika vita vya Majimaji, Wangoni walipigana na Wajerumani. Tarehe 27 Februari 1906 wakuu na mashujaa wao wengi walinyongwa Songea kwa siku moja, na njaa ikatumwa nyuma ya bunduki. Chabruma, mkuu wa Mshope, akavuka Ruvuma akaingia katika nchi ya Wareno, na huko akauawa. Mwaka ule mkimbizi alikuwa ni mtu wa kwetu, naye alikwenda kusini.

Tarehe 25 Septemba 1964 FRELIMO wakaanza vita vya kuikomboa Msumbiji. Mara hii watu walivuka kuja kaskazini, maelfu, wengine kwa mitumbwi kando ya ziwa. Wakapewa makao Muhukuru, na Lundo huku huku kwetu karibu na ziwa, na Rutamba upande wa Lindi. Wenyeji waligawana nao mihogo na mbegu. Wareno walipoondoka na Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975, wengi wao walirudi kwao, na wengine wakabaki kwa kuwa walikwisha kuoa, kuolewa au kuzika hapa. Je, kuna anayethubutu kuwaita wezi wa nchi?

Afrika nzima ilikwisha kulitolea neno hilo uamuzi. Tarehe 10 Septemba 1969 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha mkataba juu ya wakimbizi, nao wasema kwamba kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la utu, wala nchi yoyote haitakiwi kulihesabu kuwa tendo la uadui. Tanzania haikuishia katika maneno. Mwaka 2014 iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000, Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 pamoja na watoto na wajukuu wao. Walioitwa wakimbizi kwa miaka zaidi ya arobaini wakaitwa wananchi.

Ndugu zangu, twafika sasa kwenye neno la siku hizi, mhamiaji haramu. Haramu ni neno la sheria ya dini, lihusulo chakula, fedha au tendo. Nguruwe kwa Mwislamu ni haramu. Mali ya wizi ni haramu. Mtu anaweza kufanya tendo la haramu, lakini yeye mwenyewe hawezi kuwa haramu, kama vile mtoto hawezi kuwa na kosa la kuzaliwa. Nchi ina haki ya kulinda mipaka yake, nasi hatupingi sheria. Aliyeingia bila hati na afikishwe mbele ya sheria. Lakini mtu akiisha kuitwa haramu, huwa rahisi kumtenda lolote.

Tutoe mifano. Mwezi wa Juni 2012 lori lilikutwa mkoani Dodoma limejaa Waethiopia waliokuwa wakielekea kusini, na zaidi ya 40 walikuwa wamekufa kwa kukosa hewa. Mwezi huo huo Waethiopia wengine walizama katika ziwa hili hili letu upande wa Karonga. Walikuwa wakitafuta Joni, kama walivyotafuta babu zetu. Waliowabeba walipokea fedha kwa ajili ya mizigo, si kwa ajili ya watu. Mwaka 2013, katika Operesheni Kimbunga, maelfu waliondolewa Kagera, Kigoma na Geita, na kati yao walikuwamo watu walioishi huko miaka mingi, wenye mashamba na watoto waliozaliwa hapa.

Na huko Joni kwenyewe wako wanaomwita Mwafrika mgeni kwa neno la dharau, makwerekwere. Mwezi wa Mei 2008 ghasia zilitokea katika vitongoji vya huko, na watu 62 wakauawa kwa kudhaniwa wageni. Kati yao 21 walikuwa raia wa Afrika Kusini yenyewe. Sikilizeni vizuri hapo. Neno la kumtenga mgeni lilipotupwa, theluthi ya waliouawa walikuwa wenyeji. Dharau haina macho ya kusoma vitambulisho.

Basi tufanye nini? Mazungumzo bila kazi ni kelele. Tunayo mambo matatu.

La kwanza, kila tawi la mwambao na la mpakani liwahimize wazazi kuandikisha kuzaliwa kwa watoto na kuchukua vyeti, na watu wazima wachukue vitambulisho vya Taifa. Mtu aliyezaliwa Lituhi au Mbamba Bay, ambaye bibi yake alitoka ng'ambo, asiachwe aje kuulizwa uraia wake uzeeni akiwa hana karatasi ya kuonyesha. Wilaya ya Nyasa imetengwa na Mbinga tangu mwaka 2012, na ofisi zimesogea karibu. Sababu ya kuchelewa imepungua.

La pili, kijana anayetaka kwenda kusini tusimcheke wala tusimfiche. Tumshauri aende kwa pasipoti, aache nyumbani jina la mwajiri na namba ya simu, aandike au apige simu kila mwezi. Tumkataze kumpa fedha mtu anayemwahidi kazi bila mkataba. Sheria ya uraia ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo afahamu kabla ya kuapa uraia wa kwingine kwamba anaacha wa kwao. Tusitake tena kuongeza hata mchona mmoja.

La tatu, mgeni akija kijijini, mwulizeni kwanza, mpeni neno baadaye. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hutumia methali hiyo kumfukuza mgeni. Hawakuielewa. Jembe si fimbo. Kumpa mtu jembe ni kumwambia, umekwisha kuwa mmoja wetu, shamba lile pale. Taarifa zake zipelekwe kwa wenye mamlaka kama sheria inavyotaka, na chakula chake kisikome wakati shauri lake linaangaliwa.

Tulisema tangu mwanzo kwamba mtu hawezi kuhama bila kuhamia. Sisi ni wajukuu wa walioshuka kutoka milimani, waliovuka Zambezi, waliokimbia Ruvuma na waliopewa namba badala ya majina. Hakuna hapa ambaye ukoo wake haukupata kuhamia mahali ukitegemea huruma ya mtu aliyekuwako mbele. Atakapovuka mwingine kesho, kwa mtumbwi au kwa miguu, na amkute mtu anayelikumbuka hilo.

 Wenye maswali na waulize sasa.

Uhuru na Umoja!